Kigongeo Kwenye Ramani

Gerezani, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Bibi yangu Fortunata,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu na kwamba shangazi amemaliza kupalilia kunde. Sisi huku tu wazima. Mama ameongeza meza ya pili pale Kariakoo, sasa anauza vitenge na madera. Baba anakusalimu. Karakana imepata kazi ya kutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, kwa hiyo kelele zinaanza alfajiri. Mafundi wote bado wanasema "kigongeo" badala ya nyundo, tangu ule mwaka wewe ulipokaa nasi ukatuzoeza neno lako. Wiki iliyopita fundi mgeni kutoka Mwanza aliambiwa "lete kigongeo", akazunguka karakana nzima akikitafuta, na kumbe alikuwa amekishika.

Barua yako ya Krismasi kondakta wa basi ameileta juzi, imekunjwa mara nne na inanukia korosho. Nimeisoma mara tatu. Nimeelewa hivi, unisahihishe nikikosea. Kijiji kinataka kusafisha pori la bondeni ili kulima mikorosho ya pamoja, na trekta litafika Agosti. Pori hilo ndilo mahame yenu, mlipohama mwaka 1974 kuja Namkongwa. Babu Pantaleo amezikwa huko, na kaburi halina alama yoyote inayoonekana kwa mbali. Wewe unasema makaburi yako mashariki ya kijito, Bibi Mgeni anasema yako magharibi. Mwenyekiti Bakili amesema hawezi kusimamisha trekta kwa maneno ya wazee wawili wasiokubaliana, mpeleke kitu cha kuonekana kwa macho.

Umeuliza kama ramani tunazofundishwa zinaweza kuonyesha kijiji kilichokufa. Ile ya kwenye kitabu chetu haionyeshi hata kijiji kilicho hai, maana Namkongwa haimo. Lakini mwalimu wetu wa jiografia anasema maktaba ya chuo kikuu ina ramani za zamani, za karatasi na nyingine zilizoingizwa kwenye kompyuta. Jumamosi nitakwenda. Naomba uniandikie jina la kijiji chenu na kila unachokumbuka.

Mjukuu wako,
Victoria


Namkongwa, Masasi
2 Machi 2025

Mke mwenzangu Victoria,

Marahaba. Miguu iko, ndiyo hiyo hiyo. Kunde zimepaliliwa, mbuzi amezaa mapacha, na paroko mpya anahubiri kwa haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Shangazi yako alitaka kuniandikia barua hii. Nimemwambia cheti changu cha kisomo cha watu wazima sikupewa ili nipambie ukuta.

Umeelewa vyote sawasawa. Kijiji tulikiita Nachikulu. Zilikuwa nyumba arobaini, pengine pungufu. Kisima tulikijengea mawe. Ukisimama kisimani ukakipa kijito mgongo, mume wetu amelala mbele yako, mwendo wa kumaliza kula muwa mmoja. Alikufa mwaka 1972, baba yako akiwa bado mgongoni. Nilikuwa nakwenda kupalilia pale kila mwaka. Kisha tukahamishwa, kisha chui wakawa wengi, kisha nikawa nasema mwakani.

Mgeni usimsikilize. Aliolewa pale mwaka 1973, akakaa mwaka mmoja, na nusu ya mwaka huo alikuwa kwao anajifungua. Anajua nini yeye kuhusu Nachikulu?

Huyo mume ni wangu na ni wako. Mtafute.

Bibi yako,
Fortunata


Gerezani
16 Machi 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mama amecheka sana habari ya paroko. Baba ameisoma barua yako amesimama, kisha akaiweka kwenye mfuko wa shati akarudi kazini. Niliikuta jioni imepakwa masizi.

Jumamosi ya kwanza sikuingia maktaba. Hilo nitakueleza siku nyingine. Jumamosi ya pili nilikwenda na rafiki yangu Krina, yule wa Upanga uliyesema anakula kama ndege. Tulichukua basi la mwendokasi hapa Gerezani mpaka Ubungo, kisha tukapanda basi lingine. Chumba cha ramani kinasimamiwa na mama mmoja anayeitwa Bi Shamsa. Anaongea polepole na hapendi mtu anayeegemea meza.

Alitukalisha kwanza kwenye kompyuta. Nikaandika Nachikulu. Kompyuta ikajibu hakuna. Krina akasema, "Basi, twende tukale." Bi Shamsa akamtazama. Akatuambia: "Kijiji kidogo hakitafutwi kwa jina. Kinatafutwa kwa jirani zake." Akatuonyesha ramani ya nchi nzima iliyogawanywa miraba kama daftari la hesabu. Kila mraba una namba, na kila namba ni karatasi moja kubwa. Unatafuta Masasi, unafuata barabara na mto, unapata mraba wako. Tulipata wetu. Ulikuwa kwenye kompyuta, na kijito chenu kipo, Bibi, kinapinda kama ulivyokieleza. Lakini pembeni yake ni pori tupu.

Bi Shamsa akasoma tarehe chini ya ramani akasema, "Hii ilichapishwa watu wakiwa wameshahama. Ramani ina ndugu zake. Tumtafute kaka mkubwa." Huyo kaka hayumo kwenye kompyuta. Yumo kwenye karatasi tu. Ndani kuna makabati ya chuma yenye droo pana na nyembamba, na ramani zimelazwa humo bila kukunjwa. Tulinawa mikono, tukaikausha, ndipo akatutolea karatasi ya mwaka 1966. Pori lilelile lina vidoti vyeusi vidogo. Kila kidoti ni nyumba. Bibi, mlikuwa mpo.

Tatizo ni kwamba kando ya kijito kuna vikundi vinne vya vidoti, kila kikundi na jina lake, na hakuna kinachoitwa Nachikulu. Bi Shamsa anasema kwa upande wenu wapima ardhi mara nyingi walikuwa wakifika wanauliza "hapa ni kwa nani?", wakaandika jina la jumbe. Nikamwuliza Baba. Akasema jumbe alikuwa babu yake, Mzee Petro. Lakini Petro halimo, na Baba anasema hilo ni la ubatizo, alibatizwa akiwa mzee, na la kwanza yeye hakuwahi kulisikia. Muda ulikuwa umekwisha, kwa hiyo sikuyanakili yale majina manne.

Bibi, Mzee Petro aliitwa nani kabla ya kubatizwa? Ukiniambia, tumemaliza.

Wako,
Victoria


Namkongwa
27 Aprili 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu maji yalikata barabara na mabasi yalilala njiani siku nne. Kondakta alikuja mwenyewe mpaka nyumbani na suruali imekunjwa magotini.

Pasaka imepita salama. Mmoja wa wale mapacha wa mbuzi amekufa. Shangazi yako amebadilisha bati la jikoni. Mgeni alikuja kuniuliza kama mjukuu wangu wa Dar ameshapata kitu, nikamwambia ameona nyumba zetu zote kwenye karatasi. Akauliza, "Na za ng'ambo ya kijito?" Nikamjibu ng'ambo hakukuwa na kitu. Akaondoka bila kumaliza uji wake.

Umenifurahisha kwa habari ya vidoti. Kimojawapo ni mimi ninapika.

Bakili ametangaza mkutano utakuwa tarehe 19 Julai. Baada ya hapo hakuna la kuongeza.

Hilo uliloliuliza mwishoni, uliza lingine.

Bibi yako,
Fortunata


Gerezani
11 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Huku mvua imeingia karakana na masanduku saba yameshika kutu. Baba ameyasugua upya yote.

Nitakuambia ukweli: barua yako iliniumiza. Nilidhani umechoka nami au umesahau. Nilimwonyesha Mama ule mstari wa mwisho. Akauliza, "Wewe umewahi kunisikia mimi nikimtaja babu yako kwa jina?" Nikafikiri. Sijawahi. Husema "baba wa huko". Akasema, "Mimi ni wa mjini, najitahidi tu. Bibi yako kafunzwa. Mkwe hatajwi. Na kama mkwe ameitwa jina la kitu, hata kitu chenyewe hakitajwi, kinatafutiwa jina lingine."

Nikarudi maktaba na swali langu likiwa bado halijajibiwa. Bi Shamsa alinipa kioo cha kukuzia. Nikayasoma majina ya ile karatasi moja moja, kuanzia kona ya juu, kama mtu anayechambua mchele. Majina mengine nilisoma kwa sauti ndogo. Nilipofika kwenye kikundi cha tatu kando ya kijito nilinyamaza. Kisha nikacheka mpaka Bi Shamsa akaja.

Bibi, wapima ardhi walikiandika kigongeo. Wamekiandika kwa lile jina ambalo mafundi wa Baba wanalijua na wewe hulisemi. Mimi silitaji hapa, wala sitaliandika tena kwenye barua yoyote itakayofika mikononi mwako.

Kuna vidoti thelathini na saba. Nimehesabu mara mbili. Kuna alama ya kisima, na iko mashariki ya kijito kama ulivyosema. Nimepima mwenyewe kwa rula kutoka kwenye namba za pembezoni mwa ramani mpaka kisimani, nikapata namba za mahali ambazo Mwenyekiti Bakili anaweza kuziingiza kwenye simu yake, nayo itamwongoza. Nimeziandika kwenye karatasi ya peke yake pamoja na nakala ya kipande cha ramani. Mwalimu amezitazama akasema, "Hii ni kazi ya kidato cha sita." Mimi niko cha tatu, Bibi.

Wako mwenye furaha,
Victoria


Namkongwa
8 Juni 2025

Mke mwenzangu Victoria,

Marahaba. Umelisema vizuri sana lile jambo. Nilipofika kwenye kigongeo niliifunika barua nikakaa kidogo. Watu wenye buti walipita kwetu nikiwa msichana niliyeolewa juzi. Walimkuta mkwe barazani. Sikujua kuwa walipoandika, walimwandika yeye.

Tulikwenda jana. Bakili na simu yake, shangazi yako na panga, mimi na fimbo, na Mgeni ambaye hakuitwa. Tulitembea mpaka simu ikasema tumefika. Tulipofika palikuwa na kichuguu. Hakuna mawe, hakuna kisima, hakuna kitu. Shangazi yako alifyeka kuzunguka mpaka mkono ukatoka malengelenge.

Mgeni alisema, "Chuo kikuu kizima kimetuleta kwenye nyumba ya mchwa." Bakili alicheka kidogo, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Sikuumia. Miguu imechoka tu. Usiache masomo yako kwa ajili ya hili. Umejitahidi na mume wetu ameona.

Bibi yako,
Fortunata


Gerezani
22 Juni 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani zaidi ya kwamba wote ni wazima, na Baba anaandika barua yake mwenyewe kwako, ila imefika mstari wa pili tu tangu Jumatatu.

Kosa ni langu. Tafadhali mwambie Bibi Mgeni si la chuo kikuu.

Nilipomsomea Bi Shamsa barua yako hakunipa pole. Aliuliza, "Ulisoma maandishi ya ukingoni?" Nikasema nilisoma namba. Akasema, "Namba husomwa na kila mtu." Chini kabisa ya ile ramani kuna mstari wa herufi ndogo unaosema vipimo vyake vilianzia wapi. Simu inaanzia pengine. Nilipomweleza Mama usiku ule alielewa kunizidi: ni kama wauza vitambaa wawili, mmoja anapima kuanzia kwenye pindo na mwingine kuanzia kwenye ukingo. Wote watasema mita mbili, lakini mkasi hautapita mahali pamoja. Namba zangu zilikuwa sahihi kwa karatasi. Kwa simu zilikosea karibu mita mia tatu, na zinakosea kuelekea kaskazini.

Tumeziweka upya kwa kompyuta. Bi Shamsa amepiga picha ile karatasi ya 1966 kwa mashine kubwa, sasa na yenyewe imo kwenye kompyuta, kisha tukailaza juu ya picha iliyopigwa kutoka angani mwaka jana. Kijito kimekaa juu ya kijito. Barabara imekaa juu ya barabara. Namba mpya ziko nyuma ya barua hii. Lakini hata bila simu: rudini kwenye kile kichuguu, asubuhi, jua likiwa mkono wa kushoto, mhesabu hatua mia nne za Bakili kwenda mbele.

Kuna jambo niliahidi kukueleza. Ile Jumamosi ya kwanza sikuingia kwa sababu niliulizwa barua ya shule, sikuwa nayo. Aliyeniuliza alikuwa mpole. Lakini niliona haya, nikarudi, nikakaa kwa akina Krina mpaka jioni ili Mama adhani nimeshinda maktaba. Sikukuambia mapema, na baadaye ulikuwa umeshamtangazia Bibi Mgeni. Safari hii nakuambia mapema: naweza kuwa nimekosea tena. Ila sidhani.

Mjukuu wako,
Victoria


Namkongwa
24 Julai 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba. Kaa chini ndipo usome.

Tulikwenda siku tatu kabla ya mkutano. Bakili alihesabu kwa sauti kama askari. Kwenye mia tatu na tisini na kitu, shangazi yako alijikwaa. Lilikuwa jiwe, na la pili, na la tatu, yamekaa duara. Kisima kimejaa udongo na mgomba-mwitu umeota katikati, lakini mawe ni yale. Moja nililibeba mwenyewe nikiwa na mimba ya baba yako.

Nikakipa kijito mgongo. Sikuhitaji simu. Minyaa tuliyopanda kuzunguka makaburi imekuwa mirefu kuliko nyumba, imeungana, ndiyo maana watu walidhani ni kichaka. Bakili alikata njia. Ndani kuna sahani na vibakuli vya marehemu, kama tulivyokuwa tukiwawekea. Ya mume wetu ni ya bati, ukingo wa buluu, ina tundu katikati. Niliitoboa mimi siku ya maziko. Nilikaa pale. Hawakuniharakisha.

Sasa nikuambie la Mgeni, maana nimemkosea na wewe nimekukosesha. Nilipoinuka hakuwepo. Tulimkuta ng'ambo ya kijito, magharibi, anapapasa majani kwa mikono. Bakili akamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Mtoto wangu." Alizaliwa mwaka 1974, akaishi siku tisa. Watoto wachanga walikuwa wakizikwa na wanawake peke yao, ng'ambo, bila sahani. Mimi nilikuwa nimelisahau hilo. Hakuna mtu aliyemwuliza kwa miaka hamsini, nami nilikuwa nasema alikuwa kwao. Hakuwa akibishana nami. Alikuwa anaogopa trekta litapita kule na hakuna atakayesema.

Kwenye mkutano Bakili alitandika nakala ya ramani yako mezani, akaweka mawe kwenye kona isipepee. Watu walipanga foleni kuiona. Mzee mmoja aliuliza imetoka kwa wazungu? Nikasema imetoka kwa Victoria wa Augustino wa Pantaleo, wa kidato cha tatu. Nilisema hivyo nimesimama, bila fimbo. Kijiji kimetenga ekari nane, pande zote mbili za kijito, na vigingi vimeshapigwa. Mgeni alichagua mwenyewe kigingi cha magharibi kikae wapi.

Baba yako mwambie barua yake ya mistari minne imefika. Inatosha.

Bibi yako,
Fortunata


Gerezani
10 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na Bibi Mgeni pia shikamoo yake.

Barua yako niliisoma kwa sauti karakana, mafundi wakaacha kazi. Nilipofika kwenye sahani Baba alitoka nje kutazama kama mvua inakuja, na jua lilikuwa kali. Aliporudi alisema atakuja huko Septemba pamoja nasi wote. Amekwisha anza kutengeneza msalaba wa chuma.

Niliipeleka kwa Bi Shamsa. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa. Kisha akaniambia kuwa kila ramani ina karatasi ya maelezo inayokaa nayo kwenye droo, na ya kwetu ilikuwa na mistari miwili tu: mwaka na mchapishaji. Akanisogezea kiti. Akasema, "Ongeza."

Nimeandika kwamba kijiji hicho wenyewe walikiita Nachikulu, kwamba walihama mwaka 1974, kwamba kisima na makaburi ya wakubwa yako mashariki na ya watoto wachanga magharibi. Hapo chini pana nafasi imeandikwa "Chanzo cha taarifa". Nikauliza niandike jina la kitabu gani. Bi Shamsa akasema, "Kitabu gani? Kuna mtu aliyekuambia. Mtu huyo ana jina."

Bibi, nimeiacha nafasi hiyo wazi mpaka unipe ruhusa ya kuandika jina lako. Wanafunzi wa chuo kikuu na maprofesa watalisoma, hata nikiwa mzee. Naomba pia ruhusa ya Bibi Mgeni.

Victoria


Namkongwa
31 Agosti 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Trekta lilikuja, likalima, likafika kwenye vigingi likageuka. Tulikwenda kuliangalia likigeuka, mimi na Mgeni, tumekaa kwenye mkeka na chai kwenye chupa.

Ruhusa unayo. Andika Fortunata binti Anselmu, usiandike mke wa fulani. Andika na Mgeni binti Saidi, kwenye mstari uleule, asiwe chini yangu.

Nilipomsomea barua yako aliuliza kama huko chuoni wanaandika kwa wino au kwa penseli. Nimemwambia sijui, nitauliza. Kama ni kwa penseli, rudi kaandike upya.

Bibi yako,
Fortunata binti Anselmu